Bwana Mkubwa Alikalia Nini?

Kiwandani, 4 Machi

Binti yangu,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kreti tupu la soda nyuma ya kompresa, maana karani wa ofisi amekalia kiti changu na hana dalili ya kunyanyuka. Huku sote tu wazima. Goti langu la kushoto limenuna, la kulia linafanya kazi za yote mawili. Kompresa kubwa ilikohoa wiki nzima, nikaifungua kifuniko, nikakuta humo ndani spana ambayo tangu mwaka juzi nimekuwa namshutumu fundi wa pampu kwamba ameiiba. Nimemwomba radhi mbele ya watu. Amekubali, ila sasa anatembea kifua mbele na ananiita "mwenzangu".

Wazee wa kiwanda wanakusalimu. Bado wanakuita Bi Mia Mbili na Kumi, na vijana wapya wakiuliza sababu wanaambiwa wakafanye kazi. Yule muuza maua anayechukua kwetu barafu ya kutunzia mashada anasema kozi yako ikiisha atakufungia maua bure, bora tu umwambie mapema unataka rangi gani.

Mwanao Bwana Mkubwa hajambo. Kwenye hesabu ametoka wa pili. Kwenye kuimba, mwalimu ameandika "ana juhudi". Aliumwa kidogo wiki iliyopita, tukakaa hospitali siku moja kwa ajili ya usalama tu, tukarudi. Sasa ni mzima. Anatembea ametanua miguu kidogo kama bata, lakini anatembea, na chakula hakatai. Usiwe na wasiwasi. Narudia, usiwe na wasiwasi, na usipige simu kiwandani, maana mashine zinanguruma na hatutasikilizana.

Mimi baba yako,
mwenye goti.


Bwenini, 13 Machi

Shikamoo Baba,

Mimi ni mzima, nimechoka tu. Mwenzangu wa chumbani, naye ni muuguzi wa upasuaji, anaota ndoto za kazini. Juzi alinyoosha mkono kitandani akasema "mkasi", nikajikuta nimeshampa mswaki wangu kabla sijaamka sawasawa. Masomo yanaenda. Nimeambiwa nikibaki wodini likizo ya Juni nitamaliza mazoezi mapema, kwa hiyo Juni msinitegemee. Mwambie Bwana Mkubwa taratibu, au mwache kwanza, nitamwambia mwenyewe.

Ndiyo, nilipiga simu. Najua ulinikataza. Wewe ungeandikiwa kwamba mwanao anatembea kama bata ungekaa kimya? Nikauliza anaumwa wapi. Ukasema "Nini?" Nikapiga kelele "WAPI?" Ukasema "Huko!" Nikasema "HUKO WAPI?" Na wewe, baba yangu mzazi, ukavuta pumzi ukapiga ukelele ambao nadhani hata bila simu ungenifikia: "KORODANI!" Na ilikuwa bahati yetu kwamba sekunde hiyo hiyo kompresa ikazimika. Nilisikia ule ukimya, Baba. Nilisikia foleni nzima ya wateja ikinyamaza. Kisha nikamsikia mama wa juisi akisema kwa upole, "Pole sana, mzee," na wewe ukakata simu.

Nimecheka hadi matroni akaja kuniangalia. Baada ya hapo nikafungua daftari langu la masomo.

Tumefundishwa hivi: mtoto wa kiume akishikwa ghafla na maumivu pale, cha kwanza kuwaza ni korodani kujisokota kwenye kamba yake yenyewe, na damu ikikatika kwa saa sita hivi, unaweza kuipoteza. Mtu hangoji kesho. Sasa nijibu kama unavyomjibu mkaguzi wa mashine. Ilianza lini, saa ngapi? Upande mmoja au pande zote? Alitapika? Alipigwa mpira? Mlichukua muda gani kufika? Na kubwa kuliko yote, siku mbili tatu kabla ya hapo alikuwa anafanya nini?

Wifi yangu mwalimu mkuu ameandika tena kwamba chumba cha Bwana Mkubwa kipo tayari kwake, na kwamba mtoto mwenye mama masomoni na baba kwenye kambi ya barabara anahitaji ratiba. Unajua ratiba yake: kengele ya kula, kengele ya kusoma, kengele ya kukoga. Nilimkatalia kwa sababu yako. Lakini nikigundua kuna jambo unanificha, muhula ujao mtoto anahamia kwa shangazi yake. Sikutishi, Baba. Ninaye mmoja tu, na niko mbali.

Binti yako.


Kiwandani, 27 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Kwa taarifa yako, mama wa juisi sasa ananiletea glasi ya tikiti kila asubuhi na kuniuliza kwa sauti ya chini kama jana niliweza kuketi. Bwana wa bucha ameniazima mto. Siwezi kuwaeleza kwamba si zangu zilizouma, kwa sababu nikisema si zangu wataniuliza ni za nani, na Bwana Mkubwa ameniapisha. Kwa hiyo nakunywa juisi, naukalia mto, na heshima yangu ya miaka arobaini imekwisha.

Fundi wa pampu amenyoa ndevu, hakuna anayemtambua. Paa la ghala limezibwa. Hizo ndizo habari.

Sasa mkaguzi, sikia. Ilianza Jumanne asubuhi akiwa anavaa viatu. Akakaa, akainuka, akakaa tena, akaanza kulia bila sauti, na wewe unajua yule mtoto akilia bila sauti jambo limekuwa kubwa. Nikamfungua suruali mwenyewe nikaangalia. Mfuko umevimba pande zote mbili, umeingia wekundu, na chini yake ukigusa kuna vitu vigumu kama gololi. Hakutapika. Hakupigwa mpira. Sikungoja, binti yangu. Sikumpaka dawa ya misuli, sikumtafutia mtu wa kumchua, wala sikumwambia ajikaze kiume. Lori lilikuwa limeshapakia barafu ya bwana wa bucha. Nikamweka Bwana Mkubwa mbele, kati yangu na dereva, tukaondoka na barafu yote mgongoni. Dereva alishika honi kuanzia getini hakuiachia. Nusu saa haikufika tukawa mlangoni. Barafu ikayeyukia kwenye maegesho ya hospitali, mlinzi akaruka madimbwi siku nzima akitutukana kwa adabu.

Daktari alikuwa binti wa umri wako, mwembamba, amevaa raba. Akasema neno lile lile lako, kujisokota. Akamkwaruza paja kidogo kuona kama korodani itapanda juu, ikapanda, akasema hiyo ni dalili nzuri ila peke yake haitoshi. Wakampaka jeli ya baridi wakampiga picha ya ultrasaundi. Damu ilionekana inapita, lakini ile mashine ilikuwa inazimika kila baada ya dakika mbili, na daktari akasema yeye habahatishi kiungo cha mtoto. Akaniletea fomu nitie sahihi, afungue aone mwenyewe. Muuguzi akaja na kofia ya kijani, akamvika Bwana Mkubwa.

Baadaye ikaonekana hakuna haja ya kisu. Akapewa dawa ya maumivu, chupi ya kubana na amri ya kupumzika, tukaangaliwa hadi kesho yake, tukaruhusiwa. Vile vigololi vinazidi kulainika.

Chanzo? Daktari alisema ni kitu kinachotokea mara chache. Mara chache sana. Watoto wana mambo yao. Labda alikaa vibaya.

Baba yako.


Bwenini, 9 Aprili

Shikamoo Baba,

Bwenini kumepakwa rangi, sote tunanuka rangi. Mwenzangu wa chumbani amehamia kuota kuhusu uzi wa kushonea. Mume wangu ameandika kutoka kambini, anasema barabara imefika kwenye mwamba na mwamba umegoma, anakusalimu sana. Na mimi nimepasi mtihani wa vifaa, nilitaja vifaa vyote themanini na viwili bila kukosea.

Asante kwa lori na honi. Nilisoma mahali hapo mara nne, na kila mara nilitaka kumbusu yule dereva. Uliyoyafanya ndiyo hasa tunayowaomba wazazi wafanye, na wengi hawafanyi, wanaona haya.

Lakini Baba, kutoka kofia ya kijani mpaka "baadaye ikaonekana" umeruka ukurasa mzima. Mimi ndiye ninayewavika watoto hizo kofia. Daktari akishaleta fomu, hairudishi kwenye droo hivi hivi. Kuna mtu alimwambia kitu.

Basi nikapeleka kesi darasani. Mwalimu wetu ni mpasuaji mzee wa watoto, mfupi, anazungumza na chaki pembeni ya mdomo kama sigara. Nikasema ni mtoto wa jirani. Akafurahi kama mtu aliyeletewa zawadi, akafuta ubao wote. Akatuambia tumpe visababishi adimu, vile vya kawaida anavijua mwenyewe. Mmoja akasema matubwitubwi, akarushiwa kipande cha chaki, hiyo si adimu na tena hushuka pale zaidi kwa waliobalehe. Mwingine akasema kile kijinyama kidogo juu ya korodani kujisokota, chaki ya pili. Mwingine akataja ule ugonjwa wa mishipa midogo ya damu, wenye madoadoa miguuni na tumbo kuuma, mwalimu akasema hapo sasa tunaanza kuongea. Tukaja kwenye kidole tumbo kilichopasuka na usaha ukashuka hadi kwenye mfuko. Tukaja kwenye jiwe la figo, ambalo limekaa juu huko lakini maumivu yake yanashuka kutembea. Mwenzangu wa chumbani akasema mdudu, darasa likacheka, mwalimu akasema msicheke, yeye ameshatoa siafu.

Kisha akanigeukia. "Huyo mtoto wa jirani ni mnene?"

Nikasema, "Ana afya nzuri."

"Mnene. Ana miaka mingapi?"

"Tisa."

"Pande zote mbili? Vigumu, chini ya korodani zenyewe?"

"Ndiyo, Mwalimu."

Akaitoa chaki mdomoni. Akasema kuna kitu amekiona mara tatu tu maisha yake yote. Watoto wanene ambao hawajabalehe wana mafuta mle kwenye mfuko, na mafuta yale yakipigwa na baridi kali huganda, yakaumia, yakavimba siku moja au mbili baadaye. Hayahitaji kisu, yanahitaji subira. Wa kwanza aliogelea kwenye maji ya baridi asubuhi nzima. Wa pili vilevile. Wa tatu hakusema mpaka leo. "Sasa, dada," akaniambia, "huyo mtoto wa jirani yako alipata wapi baridi?"

Baba, nilisimama pale mbele ya wanafunzi ishirini na sita nikaanza kucheka peke yangu. Nilicheka mpaka nikaambiwa nikanywe maji.

Kwa sababu mimi ndiye Bi Mia Mbili na Kumi. Najua kwamba kiwandani kwetu mgeni hahesabiwi kuwa mtu wa barafu mpaka akalie bonge lililotoka kwenye kopo la kugandishia sasa hivi, bila gunia, huku fundi mkuu anahesabu kwa sauti, na namba aliyoishia inapakwa rangi ukutani nyuma ya pampu. Nilikuwa na miaka tisa. Wewe ndiye uliyehesabu. Mama, Mungu amrehemu, alikufa bila kujua kwa nini jioni ile nilikula nimesimama.

Kwa hiyo nauliza mara moja tu. Bwana Mkubwa alikalia nini?

Leo nimeandika barua mbili. Hii, na ya wifi. Ya wifi bado haina stempu.

Binti yako.


Kiwandani, 24 Aprili

Binti yangu,

Alikalia barafu.

Haya, nimeandika, mkono haujakatika. Hongera kwa vifaa themanini na viwili. Muuza maua amesikia, anasema ukiendelea hivi shada litakuwa la ghorofa mbili. Goti halijambo.

Wiki iliyotangulia ile ya hospitali Bwana Mkubwa alianza kunisumbua kwamba anataka kukaa. Nikamwambia bado mdogo. Akaniuliza wewe ulikaa ukiwa na miaka mingapi. Siku nne akanifuata nyuma kama kivuli, hata nikienda msalani namkuta mlangoni ananisubiri na hoja mpya. Jumapili, kiwanda kimepumzika, tupo mimi, yeye na fundi wa pampu, nikakubali. Winchi ikatoa bonge safi, la kioo kabisa, unaona ukuta wa pili. Akapanda na kaptura yake ya michezo. Nikahesabu. Akakaa muda mrefu, binti yangu, muda ambao sikuutegemea. Nilichokuwa sijui ni kwamba wiki ile yote alikuwa anafanya mazoezi. Kila akitoka shule anapitia nyuma ya ghala, anakalia vipande vilivyomeguka, na kujihesabia mwenyewe. Hilo nimelijua baadaye, fundi wa pampu aliniambia akiwa ameshika mlango tayari kukimbia.

Akashuka, akaenda zake. Jumatatu alikuwa kimya. Jumanne ndiyo viatu.

Sasa ukurasa nilioruka. Yule daktari aliniuliza mara tatu mtoto alikuwa anafanya nini siku za nyuma. Mara tatu nikasema hakuna, anacheza tu. Nilimdanganya mtu anayetaka kumsaidia mjukuu wangu. Nilikuwa nawaza utakavyokasirika, nawaza kengele za shangazi yake, nawaza nyumba yangu bila yule mtoto. Akili yangu ilikuwa inahesabu hasara yangu, na mtoto amelala hapo. Bwana Mkubwa naye aliulizwa, akasema alianguka. Alianguka wapi? Chini.

Wakamvika kofia. Nikashika kalamu. Nikamwinamia nimwambie asiogope, na yeye akanishika sikio akaninong'oneza, "Babu, waache wakate tu. Bora Mama asijue."

Kalamu ikanitoka. Nikamfuata daktari kwenye korido, mbio, na goti hili. Nikasema, "Daktari, alikalia barafu." Akasema, "Barafu gani?" Nikasema, "Bonge zima." Akauliza kwa nini. Nikamweleza desturi ya kiwanda, ukuta, namba, kila kitu. Mdomo wake ulianza kucheza, akaugeukia ukuta, mabega yakawa yanatikisika. Muuguzi akaja akidhani daktari analia. Alipopata pumzi akarudi kitandani, akampapasa upya bila haraka, akanionyesha: korodani zenyewe hazikuwa zinauma hata kidogo, kinachouma ni yale mafuta ya chini. Akamwita mkubwa wake, naye akakubali wangoje wamwangalie kwa karibu. Hawakumkata. Akaniambia maumivu yakizidi, hata kama najua sababu, nisijifanye daktari, nimrudishe papo hapo. Halafu akaniambia kwa upole kabisa kwamba mimi ni mtu mzima hovyo.

Leo asubuhi ameshuka ngazi za ghala mbili mbili. Vigololi vimebaki kama punje, daktari amemwona Ijumaa, amesema ni mzima.

Nimeshafunga begi lake. Mashati matatu ya shule, daftari, viatu vya mpira, na ile kofia ya kijani aliyokataa kuirudisha. Liko mlangoni. Nimemwambia ni la kumwazima mtu, hakuniuliza. Weka stempu kwenye ile barua, sitakubishia. Nilipewa mtoto nimtunze, nikamkalisha kwenye barafu, kisha nikasema uongo. Nakuomba tu uniruhusu nimpeleke mwenyewe kwa shangazi yake, nisimtume na dereva.

Baba yako.


Bwenini, 6 Mei

Fungua begi.

Shikamoo. Mimi ni mzima, rangi imekauka, mwenzangu wa chumbani anaota kimya siku hizi. Fungua begi, Baba, toa mashati yakunjuke, halafu urudi usome.

Nilikukasirikia siku mbili nzima. Kwa ule uongo, si kwa barafu. Daktari akiuliza, tunasema, hata kama aibu inatuua. Ungetia sahihi, mwanangu angefunguliwa bure. Nilitembea bwenini nikikugombeza kwa sauti mpaka mpishi akaniuliza nina nini. Siku ya tatu nikarudi kusoma yale maneno, bora Mama asijue, nikachukua kalamu.

Sasa na mimi nina ukurasa nilioruka.

Siku niliyoondoka, pale stendi, ulienda kupanga mizigo yangu kwenye buti la basi. Bwana Mkubwa alikuwa ameshika sketi yangu kwa mikono yote miwili. Hakulia, alishika tu. Nilimbembeleza, nikamwahidi kalamu za rangi, hakuachia. Dereva ameshawasha basi. Nikachuchumaa, nikamwambia nina siri. Nikamwambia kwa nini wazee wananiita vile. Alicheka, Baba, alicheka mpaka akaachia. Na mimi kwa kuona anacheka nikaongeza. Nikamwambia, "Siku utakayoipita namba yangu, nitarudi mbio nije kukushika mkono mbele ya wazee wote." Nikapanda basi nikijisifu kwamba nimemwacha na furaha.

Nilisahau. Nakuapia nilisahau kabisa mpaka barua yako ilipofika. Yeye hakusahau. Wiki nzima alikuwa nyuma ya ghala anakalia vipande vya barafu ili mimi nirudi. Na mimi nikakutisha wewe na kengele za watu.

Barua ya wifi nimefunikia sufuria ya maziwa, imelowa vizuri. Nimemwandikia nyingine fupi kwamba mtoto ana ratiba tayari.

Kitu kimoja kinanisumbua. Mimi nilifika mia mbili na kumi, nikala nimesimama, basi. Sikuumwa wiki. Ni kweli maumbile ni tofauti, na yeye alifanya mazoezi, mwalimu angesema hayo yanatosha. Lakini umeandika kurasa tano na hukuniambia alifika ngapi. Alifika ngapi, Baba?

Binti yako,
Bi Mia Mbili na Kumi.


Kiwandani, 19 Mei

Binti yangu,

Marahaba, marahaba. Begi limefunguliwa. Bwana Mkubwa alinikuta napanga mashati kabatini akasema, "Kwa hiyo yule mtu hakuazima?" Nikasema hakuazima. Akasema, "Afadhali," akatoka zake. Kumbe alikuwa anajua siku zote. Mama wa juisi naye ameambiwa ukweli, na Bwana Mkubwa mwenyewe, kwa ridhaa yake, kwa sababu alitaka zile glasi za tikiti ziende panapostahili. Sasa anakunywa yeye, na mto wa bwana wa bucha anaukalia yeye, na mimi nimerudishiwa heshima yangu nusu.

Alifika mia moja tisini na nane.

Alishuka akidhani ameshindwa kwa kumi na mbili. Ndiyo maana alikuwa kimya, na ndiyo maana hakutaka ujue. Mimi nilidhani anaona haya kwa maumivu. Sikujua habari za stendi mpaka barua yako, na nilipoisoma nilikaa kwenye lile kreti la soda nikalia mchana kweupe, fundi wa pampu akanishika bega, akaniita mwenzangu, na safari hii sikuchukia.

Maana nina la mwisho, nalo sijapata kumwambia mtu.

Siku yako, ulipofika sitini meno yalianza kugongana na midomo ikabadilika rangi. Nilikuonea huruma. Ulipofumba macho nikaruka namba. Kutoka sitini na tano nikasema tisini na sita. Wazee waliona, wakakaa kimya. Namba yako ya kweli ni mia na themanini, binti yangu. Nisamehe.

Na siku yake nilihesabu polepole. Kila namba niliivuta. Tangu uondoke napita nyuma ya pampu kila asubuhi, nasoma mia mbili na kumi pale ukutani, ndipo naanza kazi. Sikutaka ifunikwe na nyingine. Nilidhani nikivuta namba atachoka kabla, atashuka, namba yako itabaki. Hakushuka. Mimi nikazidi kuvuta, na yeye akazidi kukaa. Kilichomuumiza ni uchoyo wangu juu yako.

Jana nikamwita nyuma ya pampu, nikamwambia yote, ya kuruka na ya kuvuta. Alinisikiliza kama hakimu. Akachukua chaki, akaandika ukutani mia moja tisini na nane, chini yake mia na themanini, akatoa. Akapata kumi na nane. Akahakikisha mara mbili. Kisha akapiga ukelele mmoja, binti yangu, kompresa zote zikiwa zinanguruma, na foleni nzima ikageuka. Amekimbia kiwanda kizima, mbio za kawaida, bila kutanua miguu. Rangi ameipaka mwenyewe. Ile yako nimeiacha hapo hapo, nimeirekebisha tu. Na winchi nimeiwekea kufuli. Kuanzia sasa anayetaka kuwa mtu wa barafu atabeba bonge, hatalikalia.

Juni hiyo, mazoezi ya wodini yatakusubiri. Wazee wameshapanga watakaposimama. Yeye amefua kaptura ya michezo, anaulizia ratiba ya mabasi, na ameniapisha upya, kwa sababu anataka habari ya kukupita uisikie kutoka mdomoni mwake. Kwa hiyo ukishuka pale stendi na umwone anakuja mbio, jifanye hujui.

Baba yako.